Dakika Tatu kwa Kila Mmoja

S.L.P. 63,
Tollers Ford,
Virginia.
Jumapili, 14 Juni 1987

Mpendwa mdogo wangu Lonzo,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Habari za huko Dayton? Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Yvette na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila miguu huvimba nikitoka jikoni pale shuleni, maana watoto mia tatu hawalishwi mtu akiwa amekaa. Joto limewahi mwaka huu na tumbaku imeshika vizuri.

Najua uliniambia kwenye simu kwamba hutaki tena kusikia habari za Haskell Overby. Nivumilie leo tu, kisha nitanyamaza.

Ulikuwa na miaka minane alipofunga shule, kwa hiyo sidhani unayakumbuka yote. Mahakama ilisema watoto weusi na weupe wasome pamoja. Yeye, mwenyekiti wa baraza la kaunti, akaona heri pasiwe na shule kabisa. Minyororo ikafungwa milangoni miaka mitano. Watoto wao wakafunguliwa shule ya kulipia. Sisi tukaachiwa majani yaote uwanjani.

Mama alikuwa akimpigia pasi mashati. Siku moja alijikaza akamwuliza, “Bwana Overby, sasa hawa watoto wangu niwafanyeje?” Akajibiwa bila hata kutazamwa, “Beulah, tumbaku nayo inahitaji mikono.” Mama alinisimulia hayo mara moja tu, hakurudia mpaka anakufa. Wiki ya tatu baada ya hapo akakupandisha basi la Ohio, ukasomeshwe na watu ambao hatujapata kuwaona, jina lako limebanwa kwa pini kwenye koti. Mimi nikaenda kuchuma tumbaku. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Basi mwezi wa nne sekondari mpya ilikamilika, na bodi ya shule ikataka kuipa jina la Overby. Gazeti lilimwita Baba wa Elimu, eti kwa kuwa uzeeni alitoa kiwanja na vitabu. Nilisoma habari hiyo nikimenya viazi. Nikaliweka gazeti chini nikamalizia viazi, maana watoto hawana kosa.

Jioni hiyohiyo nilianza kupita nyumba hadi nyumba. Mchungaji Wimbush akanizuia kwenye ngazi za kanisa. “Dada Ardelia, kisasi ni cha Bwana.”

Nikamwambia, “Mchungaji, Bwana amepewa miaka ishirini na minane. Mimi naomba jioni moja.”

Kanuni ya bodi ni hii: kila anayejiandikisha hupewa dakika tatu za kusema. Tulijiandikisha watu arobaini na mmoja.

Mkutano ulikuwa Jumanne, tarehe mbili mwezi huu. Overby alikaa mstari wa mbele ndani ya suti yake nzuri, pembeni yake binti yake Corinne, na mezani keki kubwa yenye jina lake kwa sukari. Alikuwa akitabasamu kama bwana harusi.

Wa kwanza alikuwa Theodis Gaines, anayeendesha lori la mbao. Alivua kofia. “Theodis Gaines. Nilikuwa na miaka sita. Shule zilipofunguliwa tena nilikuwa na kumi na mmoja, nikawekwa na watoto wadogo, madawati hayanitoshi. Nikaacha. Mpaka leo sijui kusoma. Mlango ulifungwa na Bwana Overby.”

Kisha akanyamaza. Akageuka, akamkazia mzee macho.

Bwana Pruitt, mwenyekiti wa bodi, akakohoa. “Umemaliza, Theodis?”

“Bado nina dakika mbili na zaidi.”

“Basi sema.”

“Kanuni yenu inanipa dakika tatu. Haisemi lazima niongee.”

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha hakucheka mtu tena. Saa ya ukutani ilisikika. Dakika zake zilipokwisha akakaa, akasimama mwingine. Jina, darasa alilokomea, mlango ulifungwa na nani. Halafu kimya, na macho.

Lonzo, ilikuwa zaidi ya saa mbili. Mzee alianza kwa kutazama viatu, akahamia kwenye ratiba ya mkutano, akahamia darini. Kila aliposhusha uso alimkuta mtu. Kwa mtu wa kumi na tano aliomba maji, yakamwagikia tai. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikajiona mate yamenijaa mdomoni.

Corinne alishindwa, akainuka. “Jamani, huyu ni mzee wa miaka themanini na sita! Hamna huruma?”

Bi Zenobia Crute, jirani yangu, akamjibu kutoka nyuma bila kusimama, “Kama amechoka, mwanangu, mchukue. Mlango wetu hauna kufuli.”

Hawakutoka. Kutoka kungekuwa kukiri.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Sikutaja jina langu. Nilisema, “Lonzo Spraggins. Darasa la pili. Alipelekwa Ohio, na mpaka leo anarudi kwao kwa mazishi tu. Mlango ulifungwa na Bwana Overby.” Nikamtazama. Safari hii na yeye alinitazama.

“Wewe ni binti wa Beulah,” akasema, sauti kama karatasi.

Nilikuwa nimeapa kunyamaza, lakini ilinitoka. “Ndiyo. Aliyekupigia pasi mashati.”

Kura za bodi zilikuwa sita kwa moja. Shule haitaitwa kwa jina lake. Keki ilirudishwa kwenye boksi bila kukatwa.

Hayo ungeweza kuyasoma gazetini. Yanayofuata hayakuandikwa.

Alhamisi Corinne alikuja kwangu, macho mekundu. Hakukaa.

“Baba hali, halali. Anataka kukuona. Anataka kukuomba radhi.”

“Aombe kanisani. Au gazetini.”

“Hawezi kutoka kitandani, Ardelia.”

“Basi mwambie nitakuja. Anisubiri miaka mitano.”

Alinitazama kama niliyempiga kofi. “Mama yako asingesema hivyo.”

“Mama yangu alikuwa anakula mshahara wenu. Mimi siuli.”

Mzee alikufa Jumatano iliyopita. Walimzika jana. Mchungaji alikwenda. Hata Zenobia alikwenda, na sahani ya mayai ya kuchemsha, akisema maiti haina deni. Mimi sikwenda wala sikupeleka hata kipande cha mkate. Nilishinda bustanini nikipalilia maharage, na kengele za kanisa lao nilizisikia vizuri.

Usiniulize kama najuta. Nimejichunguza, sijaona majuto. Nilichokiona ni kingine. Nilipopata habari ya kifo nilikimbilia simu nikupigie. Nikazungusha namba nusu, nikaishusha. Sikujua kama wewe ni mtu wa kucheka au wa kulia ukisikia jambo kama lile. Nina miaka arobaini na moja, na ndugu yangu wa tumbo moja simjui hata kiasi hicho. Zenobia namjua kuliko ninavyokujua wewe.

Hilo ndilo alilolichukua yule mzee, na kaburini ameenda nalo. Wamsamehe walioibiwa kidogo.

Njoo mwezi wa nane, Lonzo, pasipo msiba. Lete watoto. Kitanda cha Mama nimekitandika, na chumba kile upepo unapita. Ukifika tukae barazani siku nzima hata kama hatuna la kusema, nikuangalie tu unavyokula, unavyokasirika, unavyolala.

Nisalimie sana Yvette, umwambie nguo alizonitumia zilifika. Wasalimie watoto, Denise na Curtis, na yule mama aliyekulea huko kama bado yu hai. Sina kinyongo naye. Theodis anakusalimu, na Zenobia, na Mchungaji pia ingawa hatuongei sana siku hizi.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akuponyeshe goti, akuzeeshe vizuri kuliko alivyowazeesha wazazi wetu.

Ni mimi nikupendaye tangu ulipokuwa mgongoni mwangu,

Dada yako,
Ardelia