Jiko Jepesi Nimelichukua Mimi

Baba Dev,

Chapati ziko kwenye hotpoti. Mama yako apewe dawa akishakula.

Wenzako wa kupanda mlima wa Manga wamekuja kukuchukua, na wewe uko chini dukani unatafuta mizani ya sukari uyapime yale majiko mawili ya safari. Nimekuita dirishani. Umejibu, "Wangoje! Bado sijajua lipi jepesi!" Mwezi mzima tumekunywa chai uliyochemsha kwa majiko hayo mbele ya feni, eti huo ndio upepo wa mlimani.

Nimeyanyanyua kwa mkono. La gesi ndilo jepesi. Nimevaa viatu vyako na soksi mbili, naenda nalo mimi. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi kesho, wana hema.

Wameniuliza kama najua kuliwasha. Nimewaambia mume wangu amenifunza yote, isipokuwa kutoka nyumbani.

Mama Dev