Spika za Kushoto

Mpendwa Baba Neema,

Leo mvua imenyesha hapa Chanji tangu asubuhi, nikashindwa kurekodi kwa kelele za bati. Nimekaa studio peke yangu nikikuwaza, nikaona nikuandikie.

Unamkumbuka yule mtengeneza filamu aliyetoka Mbeya? Alikuja na picha zake za malungu, zile tanuru za udongo ambamo wazee wa Ufipa waliyeyushia chuma. Alitaka mtazamaji asikie mivukuto mbele yake na upepo wa uwandani ukimpita mgongoni. Wewe ulizoea kurekodi kwaya kwenye kaseti, spika mbili basi. Lakini soko lilikuwa limefunguliwa, vitu vya nje vinaingia kila wiki kupitia Tunduma, nawe uliona aibu kumwambia mgeni kwamba kuna jambo Sumbawanga haliwezekani. Ukauza pikipiki, ukarudi na spika sita na kontrola, kile kisanduku cha kuziongoza zote kwa pamoja.

Tulipanga tatu mbele, mbili nyuma, na ile ya besi chini ukutani. Kiti chako tukakiweka katikati. Kontrola ilitakiwa kuzifanya sauti za spika zote zifike kwenye kiti kile kwa nguvu moja na kwa wakati mmoja. Ile ya nyuma kulia ilibidi tuisogeze karibu mno na kiti kwa sababu ya mlango, kwa hiyo tukaichelewesha kidogo isizitangulie nyingine. Kisha ukawasha sauti ya majaribio, shhh, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo, ikitoka spika moja baada ya nyingine. Mimi nilisimama nyuma yako na kipima sauti, nikikusomea.

"Kushoto kuko chini," ulisema.

"Kipimo kinasema ziko sawa."

"Hicho kipimo cha bei rahisi."

Ukapandisha kushoto. Ulipopiga kwaya ya majaribio, mimi niliwasikia waimbaji wote wamehamia ukuta mmoja. Wewe ukatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilipokuonyesha kipimo, ukabadilisha waya. Ukahamisha spika ya kulia ukaileta kushoto. Bado ukasema kushoto kuko chini. Mwisho ukaamua kontrola ni mbovu, tuirudishe, na mgeni wetu anakuja wiki hiyohiyo.

Jioni ile, nikisonga ugali, nilikuita mara kadhaa hukuitika. Ulikuwa umekaa mlangoni, sikio lako la kushoto likielekea jikoni. Nikakumbuka kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nikikuita hivyo bila kuitikiwa, nikidhani una mawazo.

Asubuhi nilirudisha kila spika kama kipimo kilivyosema.

"Baba Neema, geuza kiti. Tazama ukuta wa nyuma."

"Ili iweje?"

"Geuza tu."

Ukageuza. Nikawasha ile shhh. Ulisikiliza huku umeinamisha kichwa.

"Sasa kulia ndiko kuko chini," ulisema. Halafu ukashika sikio lako la kushoto, kwa sababu kulia kwa chumba sasa kulikuwa kushoto kwako.

"Basi si spika," ulisema.

"Si spika."

"Wala kontrola."

Ulivua kofia ukaishika magotini. Ukaniuliza kwa Kifipa, lugha uliyoirudia ukichoka, nimejua tangu lini. Nikakuambia tangu jana, jikoni.

"Nani atanipa kazi, Mama Neema? Fundi sauti asiyesikia."

"Unasikia nusu. Mimi ninayo masikio mengine mawili."

Hukucheka, lakini mabega yalishuka. Ukasimama, ukanionyesha kiti. "Kaa."

Kiti kile nilikuwa nakifuta vumbi tu. Nilikaa, nawe ukapiga magoti mbele ya kontrola. "Usitafute spika," ulisema. "Ukiisikia spika, bado haijakaa. Fumba macho mpaka chumba kipotee." Nilikuambia besi inanisukuma kifua, ukaishusha. Nikakuambia upepo wa nyuma unaanza ghafla, ukaulainisha. Tuliendelea hivyo mpaka nikaacha kusema, maana nilikuwa nimesimama uwandani, mivukuto inapumua mbele yangu.

Yule mgeni alipokuja, upepo ulipopita aligeuka kutazama nyuma. Akauliza nani kapanga sauti. "Masikio ya mke wangu," ulimjibu, "na mikono yangu." Ulimwambia wazi, bila kuficha kitu. Hospitali walisema mshipa wa sikio lile umekufa, hautapona. Tukafanya kazi hivyo hivyo miaka yote iliyobaki, wewe kwenye vitufe, mimi kitini.

Sasa nafanya yote mwenyewe. Vijana wanaleta midundo yao kwenye flashi, wananiamkia shikamoo, kisha wanaitana mshikaji mpaka studio ichangamke. Neema anafundisha shule huko Mwimbi. Silii kama zamani. Ninachokosa ni mtu wa kuniuliza, "Unasikiaje?" na kungoja jibu langu kabla ya kugusa chochote.

Kuna jambo hatukuwahi kulizungumza. Tangu siku ile nilihamia kulia kwako, njiani, kanisani, hata kitandani. Hukuuliza, nami sikueleza. Siku tuliyokupeleka Pito kukuzika, shemeji alinishika mkono, akaniambia wajane watembee nyuma ya jeneza. Nikamwambia, "Niache hapa kulia kwake, shemeji. Hapa ndipo anaponisikia."

Akaniacha.

Lala salama, baba.

Wako,
Mama Neema