Asali Niliyompaka Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Barua yako ya kutoka Mtwapa nimeipata. Hapa Malindi hatujambo, ila babako anakohoa.

Umeniuliza kwa nini sichoki kukuhimiza mswaki. Miaka ya themanini mdogo wangu Zuhura aliumwa na jino. Nilimkataza kulisugua, nikawa nampaka asali, maana kwetu asali ni dawa. Ukoga ukaganda juu ya jino. Tabibu wa Kilifi aliukwangua, akasema umejaa vijidudu, na vikila utamu hutoa asidi inayotoboa jino. Sikuthubutu kumtajia asali. Usaha ulikuwa umeshaenea. Zuhura hakurudi nyumbani akiwa hai.

Kila nilipompaka aliniambia, "Ahsante dada, limetulia."

Nyanyako,
Mwanaisha