Mshale Uliopinduka

Jumatatu, 4 Mei

Mhadhiri kaniibia. Nasema kuiba, sitafuti neno la adabu. Ule mraba wangu wa kadibodi — herufi kuzunguka, katikati mishale miwili iliyokatizana, mwanafunzi anautazama na milinganyo ya joto inamjia yenyewe — leo umebandikwa kila ukuta wa idara. Chini, jina lake! Mimi si fundi wa maabara tu? Wa kupangusa kompyuta vumbi.

Jumanne, 5 Mei

Nimemfuata ofisini. Hata macho hakuinua. Eti wazo ni la idara nzima. Nikamuuliza mbona hakuchukua na programu yangu — mistari ishirini tu, inakokotoa pande zote mbili za mlinganyo na kusema kama zinalingana. Akajibu hiyo ni michezo ya kompyuta, wanafunzi wakariri mraba, basi. Namchukia. Mpaka kikohozi chake nakichukia.

Jumatano, 6 Mei

Nimecheka peke yangu stoo mpaka machozi! Kapiga picha kadibodi ya kwanza, ile niliyoitupa juu ya kabati kwa sababu mshale mmoja niliuchora kichwa chini. Anayeufuata ataweka alama ya kutoa pasipotakiwa. Hajaujaribu hata mara moja, mvivu yule. Programu ingemwonyesha papo hapo, na kaikataa mwenyewe. Mtihani Jumatatu. Darasa zima litakosea namna moja, na mkuu wa idara atamuuliza kwa nini. Nimefunga mdomo.

Alhamisi, 7 Mei

Bado hakuna aliyegundua. Nakula vizuri.

Jumapili, 10 Mei

Dada yangu kaja na bintiye. Mpwa wangu anarudia mwaka, idara yetu hiihii. Akifeli kesho, chuo kinamtoa. Nilidhani anatumia kitabu. Kumbe kajichorea mraba ule kwenye jalada la daftari, pamoja na mshale uliopinduka! Yuko jikoni anaosha vyombo, anakariri kwa sauti. Makosa matupu.

Nikimwambia, hawezi kunyamaza. Chai haijapoa wenzake wote watajua, na yule mwizi atapona.

Kamaliza sahani ya mwisho. Kaja na daftari, mikono bado ina maji.

"Mama mdogo, nisikilize kama nimepatia."

Kompyuta yenye ile programu iko mkobani, miguuni pangu. Nimemwambia asubiri nimalize kuandika.

Naandika polepole.