Kabla Hujamsemea Salimu

Masanja mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako mzima, na yule ng'ombe wa madoa kazaa dume.

Unasema ukoka wa bosi wako huko Tanga unakufa mabaka mabaka, na unamshuku mwenzako Salimu kuumwagia chumvi. Hata mimi, nilipotunza bustani ya meneja wa pamba Shinyanga, nilimshuku Mama Ngolo niliyefanya naye kazi. Nikamsemea kwa meneja, akafukuzwa. Ukoka ukaendelea kufa!

Ndipo nikainama asubuhi moja, nikaona nyuzi nyeupe kwenye umande. Ukungu, kama wa ugali uliolala! Nilikuwa namwagilia jioni, majani yanalala yameloa. Nikaanza kumwagilia asubuhi, nikazoa yaliyooza, nikaacha kuyakata mafupi mno. Ukapona.

Huko pwani unyevu hauishi. Nawe nakujua, asubuhi unakoroma, jioni ndiyo unakumbuka maji. Usinibishie!

Kesho inama kwanza, ndipo useme. Mama Ngolo nilimfuata kwao Ushirombo kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa. Radhi hakunipa.

Bibi yako