Wanawake wa Shoka Ulioniletea

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Nguo zianue mapema. Dalili ya mvua ni mawingu.

Wewe uliyezoea kunizimia taa nikisoma, mwezi huu umeniletea vitabu vipya vitatu. "Wanawake wa shoka hao, mke wangu, visome!" Haya, nimevisoma. Dereva wa lori na mkunga kwenye zile riwaya mbili, hakimu kwenye kile cha kisa cha kweli: wote wamelea mtoto ambaye mume alimzaa nje, tena bila kinyongo. Na asubuhi hii ukaniuliza, macho kwenye kikombe, eti nimejifunza nini.

~~Sirudi.~~ Nitarudi jioni. Nina swali moja tu, na usinijibu kwa kitabu kingine: ana umri gani?

Mama watoto