Mkono Ambao Sikukupa

Machimboni, Geita
Tarehe 9 Mei, 1951

Kwa dada yangu mpendwa Mageni, Mama Zipora,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Zipora na mama, pamoja na ng'ombe waliosalia baada ya ule ukame. Je, mguu wa mama umepungua uvimbe? Na paa la jikoni, wamekuja kuliezeka au bado wanakupa ahadi? Mimi mwili wangu ni mzima, mengine utayasoma. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu najua unasoma kwa kufuatisha kidole. Tafadhali usimpe katekista akusomee. Isome mwenyewe, hata ikichukua siku mbili.

Katika barua yako uliniuliza kwa nini siku ya matanga ya mumeo Ngassa nilimpa mkono kila mtu, hata yule mjomba tusiyepatana naye, lakini nilipofika kwako, ukiwa umenyoosha wako, nikajifanya natafuta kofia. Ulisema umelia kwa hilo kuliko ulivyolilia kaburi lake, ambalo hata hukuliona kwa kuwa alizikwa huku. Ni haki yako kujibiwa. Ila nianze mbali kidogo. Unajua nilivyo: mama husema nikiulizwa njia ya kisimani naanza na aliyekichimba kisima.

Hapa kuna Mwarabu mwenye duka, Mzee Nasoro, mtu mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Mimi kazi yangu, kama ujuavyo, ni ukalimani: Bwana Meneja anasema Kiingereza, nami nawaambia watu kwa Kiswahili, na wale wa kwetu kwa Kisukuma. Jioni nilikuwa nakaa na mzee huyu barazani kwake tukishindana. Mimi namtolea msemo wa Waingereza wenye mkono ndani yake, yeye anautafutia ndugu yake wa Kiarabu, nami nauandika kwenye daftari. Waingereza wakisema kazi ya mikono mingi ni nyepesi, yeye hujibu kwamba kwao mkono mmoja haupigi makofi. Mwingereza akishindwa husema mikono yake imefungwa. Mwarabu husema mkononi hamna hila. Siku nilipomwambia kwamba kwa Waingereza ndege mmoja aliye mkononi ni bora kuliko wawili walio kichakani, alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema Waingereza ni maskini wa ndege, maana kwa Waarabu wale wa mtini ni kumi. Shemeji Ngassa alikuwepo, amekuja kununua sabuni. Akasema sisi Wasukuma hatuna haja ya hesabu hizo, ndege akiwa mkononi analiwa. Tulicheka sana siku ile.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimelowesha kila kitu, udongo uliporomoka ndani ya shimo asubuhi, Ngassa na wenzake wakiwa kazini. Wenzake wawili waliwahi kutoka. Ngassa akabaki upande wa pili wa kifusi. Hayo nilikueleza. Nilikueleza pia kwamba alikufa papo hapo, hakuteseka. Hilo si kweli, dada. Kulikuwa na bomba la maji lililopita chini ya kifusi, na ukiweka sikio ulimsikia akiligonga. Aligonga mara tatu, akanyamaza, kisha mara tatu tena.

Watu zaidi ya thelathini walikusanyika mdomoni mwa shimo, wanataka kuingia kumchimbua. Wa kwanza mbele alikuwa mdogo wetu Jilala, amekwisha kuvua shati, mtaimbo mkono huu na taa mkono huu. Bwana Meneja akaja, akaniita. Alisema sheria hairuhusu mtu kuingia shimo lililoporomoka mpaka mkaguzi afike kutoka Mwanza, na barabara imekatwa na maji, kwa hiyo yeye mikono yake imefungwa. Nilitafsiri maneno hayo kama yalivyo. Watu walipiga kelele, mzee mmoja akalia waziwazi. Jilala alinitazama mimi, wala si Meneja. Nikamwambia kwa Kisukuma aweke mtaimbo chini, na kwa kuwa mimi ni kaka yake, akauweka.

Mkaguzi alifika siku ya tatu. Bomba lilikuwa limenyamaza tangu siku ya pili alfajiri. Watu sita walikiondoa kile kifusi kwa saa mbili tu, wala juu hapakuporomoka tena. Ngassa hakuwa na jeraha hata moja. Alikosa hewa.

Tangu siku hiyo Jilala si Jilala tunayemjua. Chakula anakigusa tu. Anasema angeingia kwa nguvu angekuwa mwanamume, anajiita mwoga mbele za watu. Ndiyo maana hakuja matangani, ninyi mkasema ana moyo wa jiwe.

Sasa nafika kwenye lile lenyewe. Nimeliandika na kulichana mara nne. Bwana Meneja hakuishia kwenye mikono iliyofungwa. Baada ya hapo aliinamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anakwenda nyumbani kwake kula, hatarudi mpaka saa nane, na jambo asiloliona hataliuliza. Akasema niwaambie watu. Kisha akaenda zake bila kutazama nyuma. Watu wakaniuliza amesema nini tena. Nikawajibu kwamba amewapa pole.

Usidhani sikuelewa. Sijawahi kukielewa Kiingereza kama siku ile. Lakini Jilala alikuwa mbele ya wote, na nilikumbuka siku ile Shinyanga, kwenye malori ya kutuleta huku machimboni, mama alipoushika mkono wake akauweka ndani ya wangu, akaniambia huyu ndiye kitindamimba wangu, nakukabidhi. Nilimwona kwa macho ya moyo akifunikwa na udongo. Nikahesabu, dada. Mmoja ninaye hapa, mmoja yuko ng'ambo ya kifusi. Nikamshika aliye mkononi, na mume wako nikamwacha kichakani, nami namsikia anagonga.

Saa nane Meneja alirudi akawakuta watu wamekaa. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia waliogopa.

Basi ndiyo maana sikukupa mkono. Ulipounyoosha wako na kunishukuru kwa kumzika mumeo vizuri, nilishindwa. Mkono wa pole hautolewi na aliyesababisha kilio. Mzee Nasoro bado ananiita barazani. Nimemwambia misemo imekwisha.

Barua hii anakuletea Jilala mwenyewe. Hajui kilichomo, nimemwambia ni mambo ya shamba. Anapokukabidhi, utazame kwanza mkono wake. Ni mzima, na vidole vyote vitano vipo. Huo ndio nilioununua kwa mumeo bila kukuuliza. Ukimaliza kusoma nakuomba jambo moja, ingawa sistahili kuomba: msomee na yeye. Mimi nimejaribu mara nyingi, lakini ulimi huu umezoea kusema maneno ya wengine, ya kwangu unayakataa. Ajue kwamba hakuogopa. Alizuiwa na mtu aliyemwamini. Akinichukia ni haki yake, mradi ale.

Mwezi wa saba, baada ya mavuno, nitakuja nyumbani Samuye. Nitasimama nje ya ua wako, wala sitanyoosha mkono. Nitangoja wako. Usiponyoosha, nitageuka nirudi nilikotoka, na sitamwuliza mtu kwa nini.

Nisalimie mama, mwambie mguu aukande kwa maji ya chumvi. Zipora mpe penseli nyekundu iliyomo kwenye bahasha. Ilikuwa ya baba yake, aliinunua kwa Mzee Nasoro siku ile ya sabuni, akasema ni ya mwanawe atakapoanza shule.

Ni mimi mdogo wako,
Theonest